Kuishi Gambier, Ohio: mwongozo wa mwaka wa kwanza katika kijiji cha chuo

Gambier iko mbali kwa makusudi. Askofu Philander Chase wa Kanisa la Episkopali alianzisha Chuo cha Kenyon mwaka 1824 shambani kwake Worthington, jirani na Columbus. Baada ya muda mfupi akaona vijana hawatasoma wakiwa karibu na baa na pilikapilika za mjini, akanunua ekari 8,000 katika Kaunti ya Knox na kukihamishia chuo juu ya kilima kinachotazama mto Kokosing. Umbali aliouchagua Chase bado upo. Mwanafunzi anayekuja kutoka Mombasa, Arusha au Bukavu akiujua mapema na kuupangia, mwaka wa kwanza utamwendea vizuri. Asipoupangia, Novemba itamkuta hana viatu, hana pa kulala wakati wa likizo na hana namna ya kufika dukani.

Kwa sheria ya Ohio, mji wenye watu chini ya 5,000 ni kijiji, una meya na baraza lake. Sensa ya mwaka 2020 iliwahesabu Gambier watu 2,213, wanafunzi wakiwa ndani ya hesabu hiyo, nao ndio wengi. Hospitali, supamaketi na ofisi za serikali viko Mount Vernon, maili 5 hivi, yaani kilomita 8. Columbus ni mwendo wa saa moja kwa gari.

Kufika

Uwanja wa ndege wa kushukia ni John Glenn wa Columbus, ambao kwenye tiketi huandikwa CMH. Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Afrika Mashariki hadi hapo. Utabadilisha ndege mara moja au mbili, na mara ya mwisho itakuwa ndani ya Marekani. Uhamiaji unapitia kwenye uwanja wa kwanza wa Marekani unaotua, hata kama safari yako inaishia kwingine. Hapo hapo unachukua masanduku yako kwenye mkanda, unayapitisha forodhani, kisha unayakabidhi upya kwa safari ya kwenda Columbus. Lebo ya sanduku inaweza kuwa imeandikwa CMH tangu Nairobi, lakini sanduku halitavuka forodha lenyewe. Kwa hiyo kati ya ndege hizo mbili acha saa 3 au zaidi. Foleni ya uhamiaji mwezi Agosti ni ndefu kwa sababu wanafunzi wa nchi nzima wanaingia wiki zile zile.

Pasipoti, fomu I-20 (hati ya chuo ya kuombea viza) yenye saini na risiti ya ada ya SEVIS (mfumo wa serikali wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni) viwe kwenye mkoba wa mkononi. Usiviweke sandukuni. Mwenye viza ya F-1, yaani ya mwanafunzi, haruhusiwi kuingia nchini zaidi ya siku 30 kabla ya tarehe ya kuanza iliyo kwenye I-20, basi usikubali tiketi ya bei nafuu inayokufikisha mapema kuliko hapo.

Vyakula ulivyobeba vitaje vyote kwenye forodha. Majani ya chai na bizari zilizofungwa vizuri hupita. Nyama ya aina yoyote, pamoja na supu ya unga yenye nyama, huchukuliwa, na matunda mabichi vivyo hivyo. Mchele usiuhangaikie, unapatikana kila duka. Kinachomletea mtu faini ni kuficha. Aliyekitaja kitu kisichoruhusiwa ananyang'anywa tu na kuendelea na safari.

Treni ya abiria haijafika Columbus tangu mwaka 1979, hivyo utakuja kwa gari. Njia ya kawaida ni barabara kuu I-71 kuelekea kaskazini hadi njia ya kutokea namba 131, kisha U.S. 36 kwenda mashariki hadi Mount Vernon, halafu barabara ya jimbo namba 229 inayofuata mto hadi chini ya kilima cha Gambier. Uliza mapema ofisi ya wanafunzi wa kimataifa kuhusu gari la kuwapokea wageni na uandikishe namba ya ndege yako. Teksi ya mtandaoni unaweza kuipata uwanjani Columbus. Ya kukutoa Gambier saa 10 alfajiri ukawahi ndege, usiitegemee kabisa. Kwa safari za Mount Vernon kuna usafiri wa umma wa kaunti. Chukua ratiba yake wiki ya kwanza na uulize magari yanaisha saa ngapi, maana jioni na mwisho wa wiki ndipo watu hukwama.

Kuijua njia moja

Kijiji chote kimeshonwa kwa njia moja ya changarawe, Middle Path. Inaanzia jengo la Bexley Hall upande wa kaskazini na kuishia bweni la Old Kenyon kusini. Inapokata Wiggin Street ndiyo kati ya mji: kaskazini yake njia inapita katikati ya pande mbili za Gaskin Avenue, palipo na posta, duka la vitabu la chuo, duka la vyakula na mgahawa wa kahawa. Kusini ni madarasa na mabweni ya zamani, ukumbi wa chakula wa Peirce, Rosse Hall na kanisa la Holy Spirit, ambalo kengele yake hulia kila robo saa. Mtu akikwambia bweni lako liko kaskazini au kusini, anapima kutoka Wiggin Street. Majina mengi unayoyasoma hapa ni ya Waingereza waliomchangia Chase alipokwenda kwao kuomba fedha mwaka 1823: Lord Gambier, Lord Kenyon, Lord Bexley, Lady Rosse.

Siku ya kuhamia, jihadhari na changarawe hiyo. Magurudumu madogo ya masanduku hukusanya kokoto kwenye ekseli, yanagoma kuzunguka, na ukiendelea kuvuta yanang'oka na kipande cha plastiki. Gari likushushe karibu na mlango wa bweni kwa barabara ya lami. Kama hakuna budi, beba sanduku. Mwezi Machi barafu inapoyeyuka, njia hiyo hiyo huwa tope. Viatu vya kitambaa viache chumbani.

Kusalimiana kwenye Middle Path ni neno moja na tabasamu bila kusimama. Asiyesimama hajakudharau. Maprofesa wengi watakuambia uwaite kwa jina wanalolitaka. Mpaka waseme, tumia "Profesa" na jina la ukoo. Madarasa ni madogo, kiti kitupu kinaonekana, na anayekaa kimya muhula mzima huonekana hajasoma hata kama amesoma vizuri kuliko wote. Aliyelelewa kungoja mkubwa amalize kusema ajizoeze hatua moja ndogo: andika swali moja kabla ya kipindi na uliulize ndani ya dakika 20 za mwanzo, kabla wenye maneno mengi hawajashika uwanja. Nenda pia kwenye saa za ofisi za profesa wiki mbili za mwanzo, hata kwa dakika 10. Profesa anayekufahamu ndiye atakayekuandikia barua miaka mitatu baadaye, na hapa kila mmoja ana nafasi ya kufahamika.

Bweni, umeme na moto

Umeme wa Marekani ni volti 120, plagi ya pini mbili bapa, wakati mwingine na ya tatu ya duara. Chaja za simu na kompyuta karibu zote husomeka "100–240V" na zinahitaji adapta tu. Birika, pasi na mashine za nywele za volti 230 ziache nyumbani: birika la wati 2,000 likichomekwa hapa hutoa takriban robo ya nguvu yake, na maji hayatachemka kwa muda wa maana. Kinyume chake ni hatari zaidi: ukinunua kifaa cha volti 120 na kukirudisha Dar es Salaam, kitaungua mara moja.

Kabla ya kununua jiko la wali au birika, soma orodha ya vifaa vinavyokatazwa mabwenini. Mishumaa, udi na ubani haviruhusiwi, na moshi wa chetezo utaamsha king'ora na kuwatoa watu wote nje usiku wa manane. Sheria hizi zina historia yake hapa. Tarehe 27 Februari 1949 Old Kenyon iliungua na wanafunzi 9 wakafa. Jengo likajengwa upya kwa sura ile ile ya zamani, kuta za mawe na mnara wake. King'ora kikilia, toka na koti na viatu, hata kama unaamini ni mtu ameunguza bisi. Mkoba wenye pasipoti uwe mahali pamoja siku zote, uuokote kwa mkono mmoja.

Chakula

Wanafunzi wote hula Peirce. Asubuhi na mchana hakuna shida. Shida ni saa za jioni kufungwa wakati tumbo bado liko kwenye saa za nyumbani, na Ramadhani, ambapo daku inahitaji mpango. Mwandikie msimamizi wa chakula wiki tatu kabla ya mfungo, si siku ya kuandama mwezi, ueleze idadi yenu na mnachohitaji. Misikiti iko Columbus. Kwa swala ya Idi pangeni gari la pamoja mapema.

Atakayetaka ugali ajue unga. Unga wa mahindi wa madukani mara nyingi ni wa njano na wa chenga, unapika kitu kinachofanana na uji uliokatika. Ule wa Kimeksiko uitwao masa ni mweupe na laini, lakini mahindi yake yamechemshwa na chokaa: ugali wake unanata na kunuka chapati za Kimeksiko. Tafuta unga mweupe uliosagwa laini bila chokaa, au subiri safari ya Columbus. Columbus ina moja ya jumuiya kubwa kabisa za Wasomali Marekani, na kando ya Morse Road na Cleveland Avenue utapata maduka yenye nyama halali, sembe, iliki na sambusa, na mara nyingi muuzaji anayejibu kwa Kiswahili. Nendeni watu wanne kwa gari moja na begi la barafu la kubebea nyama. Safari moja kwa muhula inatosha ukinunua kwa akili.

Baridi

Hapa ndipo pa kutulia, kwa sababu makosa ya baridi hufanyika Oktoba na huumiza Januari.

Usiku wa kawaida wa Januari hushuka hadi karibu nyuzi 7 chini ya sifuri kwa Selsiasi, na kuna siku hufika 18 chini, ambayo ndiyo sifuri yao ya Farenhaiti. Kuibadili kichwani, toa 30 kisha gawa kwa 2: wakisema 50 ni kama 10, wakisema 20 ni kama 5 chini ya sifuri. Kilima kiko wazi, na upepo ndio unaouma kuliko namba.

Vaa tabaka tatu. Ya ndani ni fulana ya mikono mirefu ya sufu au poliesta inayobana mwili. Pamba usiivae hapo: inanyonya jasho ukiwa darasani kwenye joto, na ukitoka nje jasho hilo linakupoza mgongo mzima. Ya kati ni sweta zito. Ya nje ni jaketi linalozuia upepo na maji, lenye kofia, linalofika chini ya nyonga. Jaketi la mitumba la Gikomba au Karume linafaa sana kwa Oktoba. Kagua zipu mpaka juu na uangalie kama pamba ya ndani haijajikusanya chini. Viatu vinunulie Ohio. Buti la baridi lizidi nusu saizi ili soksi nene iingie na vidole vicheze, maana kiatu kinachobana hukata damu na mguu unaganda haraka zaidi. Soli iwe ya mpira wenye mifereji mirefu. Glovu, soksi za sufu jozi nne na kofia inayofunika masikio viwe tayari kabla ya Novemba. Mount Vernon kuna maduka ya mitumba pia, na vitu vizuri huondoka Septemba.

Kwenye barafu tembea kama bata: hatua fupi, unyayo mzima chini, mikono nje ya mifuko. Ngazi za mawe asubuhi huwa na ganda la barafu lisiloonekana, na wengi huanguka wakishuka, si wakipanda.

Ndani, hewa ya kupasha joto hukausha kila kitu. Midomo hupasuka, miguu na vifundo huwasha, wengine hutoka damu puani. Jipake mafuta ya mgando ngozi ikiwa bado na unyevu wa kuoga, ndani ya dakika tatu. Losheni nyepesi uliyozoea pwani haitoshi. Nywele zikauke kabisa kabla ya kutoka.

Kuna na giza. Katikati ya Desemba jua huchomoza karibu saa 2 kasoro robo asubuhi na kuzama saa 11 na dakika chache jioni. Mtu aliyezoea saa 12 na saa 12 mwaka mzima huanza kulala ovyo, kukosa hamu ya chakula, kulia bila sababu, na kudhani amerogwa au amekuwa mvivu. Ni mwili unaokosa mwanga. Toka nje kati ya saa 6 na saa 8 mchana kila siku, hata kwa dakika 20. Hali ikizidi wiki mbili nenda kwa washauri nasaha wa chuo, na uende Novemba kabla ya foleni ya mitihani. Hakuna aibu ndani yake na hawatawapigia wazazi.

Tofauti ya saa na Kenya au Tanzania ni 7 wakati wa joto na 8 wakati wa baridi, kwa sababu Marekani husogeza saa Jumapili ya pili ya Machi na kuirudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Wakati mzuri wa kumpigia mama ni saa 3 asubuhi ya Jumamosi au Jumapili: kwao ni saa 10 jioni, au 11 wakati wa baridi.

Karatasi na pesa

Viza ya F-1 inakuruhusu kazi za ndani ya chuo hadi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Kazi ya nje, hata kulea mtoto wa jirani kwa fedha taslimu, inaweza kukuvunjia hadhi ya viza, na kijijini ambako kila mtu ni jirani maombi kama hayo yatakuja kwa upole. Kataa kwa upole.

Ukipata kazi chuoni, omba namba ya hifadhi ya jamii. Unahitaji barua ya mwajiri na barua ya ofisi ya wanafunzi wa kimataifa, pasipoti na I-20. Subiri siku 10 hivi baada ya kuingia nchini ili taarifa zako ziwe zimefika kwenye mfumo. Wanaokimbilia siku ya pili hurudishwa. Mshahara wa kwanza ukija, tazama karatasi ya malipo. Mwanafunzi wa F-1 aliye ndani ya miaka mitano ya kwanza kwa kawaida hakatwi makato ya hifadhi ya jamii na Medicare (bima ya afya ya wazee), ambayo jumla yake ni asilimia 7.65. Yakikatwa, mwandikie mhasibu mara moja. Ni rahisi kurekebisha ndani ya mwaka ule ule, ni taabu baadaye.

Kila mwanafunzi wa F-1 hujaza fomu 8843 ya idara ya kodi, hata asiyepata senti: kufikia Juni 15 kama hukuwa na kipato, na pamoja na fomu 1040-NR ya kodi ya mapato kufikia Aprili 15 kama ulilipwa mshahara.

Jambo moja la Gambier lisikukute hujui. Siku ya uchaguzi wa rais mwaka 2004 kituo cha hapa kilikuwa na mashine mbili tu, watu wakasimama kwenye foleni kwa muda wa hadi saa 10 hivi, na kura za mwisho zikapigwa kuelekea alfajiri. Kijiji kinaona fahari juu ya usiku ule, na haki yake kuona fahari. Kwa hiyo katika mwaka wa uchaguzi vijana wema wenye fomu za kujiandikisha kupiga kura watakufuata. Usisaini. Asiye raia akijiandikisha anavunja sheria na anaweza kufukuzwa nchini, na kusema hukuelewa fomu hakutakuokoa. Swali hilo hilo linaweza kuulizwa unapoomba leseni ya udereva: jibu ni hapana.

Likizo, mto na kupe

Kalenda ya chuo ichape na uibandike ukutani Septemba. Weka duara kwenye likizo ya Oktoba, ya Shukrani (Alhamisi ya nne ya Novemba), ya Krismasi na ya Machi, kisha uulize kwa kila moja: bweni linafunguliwa? Peirce inapika? Jibu la bweni laweza kuwa ndiyo huku la chakula likiwa hapana, na duka la kijijini ni dogo na ghali. Ukialikwa kwa familia ya rafiki siku ya Shukrani, kubali. Chukua zawadi ndogo, uliza saa ya kufika na ufike saa hiyo hiyo. Ukitaka kwenda nyumbani au hata Kanada, hakikisha saini ya safari kwenye I-20 haijapita mwaka mmoja.

Kuanzia Aprili shuka kilimani. Kokosing Gap Trail, njia ya lami ya maili 14 iliyotandikwa juu ya reli ya zamani, inatoka Mount Vernon hadi Danville na kupita Gambier, penye kichwa cha treni cha kale kilichoegeshwa kando. Kwa baiskeli ni njia salama ya kwenda Mount Vernon bila kukutana na gari ila kwenye makutano. Kwenye barabara za kaunti utapishana na magari ya farasi ya Waamish, Wakristo wanaoepuka kumiliki magari. Ukiendesha gari, punguza mwendo mbali nyuma yao na usipige honi, farasi hushtuka. Jioni za Oktoba hadi Desemba kulungu huruka barabarani, na akipita mmoja subiri wa pili.

Majani yanayotoka matatu matatu, lile la kati likiwa na kikonyo kirefu zaidi, usiyaguse: mafuta yake huleta malengelenge kwa wiki nzima. Ukigusa, osha kwa sabuni na maji ya baridi ndani ya dakika 10, na nguo zifuliwe pia.

Kupe wa hapa wanaweza kubeba ugonjwa wa Lyme. Ukitoka msituni jikague nyuma ya magoti, kiunoni, kwapani na ndani ya nywele. Ukimkuta amejishika, mkamate kwa kibano karibu kabisa na ngozi, vuta taratibu moja kwa moja bila kuzungusha. Usimpake mafuta wala kumchoma moto, hapo ndipo anapotapika ndani ya jeraha. Andika tarehe. Homa, au upele wa duara unaotanuka, ukitokea ndani ya siku 30, nenda zahanati ya chuo na uwaonyeshe tarehe hiyo.